Mgeni na fleti ya Bangkok: udongo hapana, hewa labda

Ukikaa jioni kwenye migahawa ya Sukhumvit Soi 3/1, uchochoro ambao wenyeji wameuzoea kwa jina la Soi ya Waarabu, si ajabu kusikia Kiswahili meza ya jirani. Mara nyingi ni Waomani wenye asili ya Unguja waliomleta mzee wao hospitali ya Bumrungrad, ambayo iko hatua chache kutoka hapo. Wengine ni wafanyabiashara wa mawe kutoka Arusha na Nairobi. Asubuhi wameshinda Mahesak na Silom na bahasha zao za tanzanaiti, Ijumaa watapanda basi kwenda Chanthaburi, mji ambao mawe ya Afrika yamekuwa yakikatwa na kuuzwa miaka nenda miaka rudi. Mazungumzo huanzia kwenye bei ya hoteli. Wiki ya pili ikifika, na bili nayo imefika, swali linabadilika: kwani hapa mtu ananunuaje nyumba?

Dalali atakwambia unaweza, tena kwa jina lako mwenyewe. Aliyeungua atakwambia usithubutu. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja na kipande chake. Kinachowachanganya watu ni kuchukua mambo matatu na kuyafanya moja: ruhusa ya kuishi Thailand, haki ya kumiliki nyumba, na haki ya kuipangisha ikulipe. Nyumbani kwetu haya yanakwenda pamoja bila mtu kuyafikiria. Kwa mgeni wa Bangkok kila moja lina sheria yake na dirisha lake, na wa dirisha hili hana habari na wa dirisha lile. Afisa uhamiaji hatakuuliza una fleti ngapi. Karani wa ardhi naye hajali kama viza yako ya utalii inaisha keshokutwa.

Udongo

Sheria ya Ardhi ya Thailand ni ya mwaka 1954. Inasema mgeni anaweza kupata ardhi pale ambapo kuna mkataba kati ya nchi yake na Thailand. Ukikisoma kifungu hicho peke yake unaweza ukafurahi bure, maana mikataba ya namna hiyo ilikwisha kufutwa, wa mwisho ukakoma mwaka 1970. Mlango upo ukutani, ufunguo umetupwa mtoni. Umebaki upenyo mmoja: mtu anayeleta baht milioni 40 na kuziwekeza kwenye mambo yaliyotajwa na serikali anaweza kuomba kibali cha waziri apate ardhi ya makazi isiyozidi rai moja, yaani mita za mraba 1,600. Mimi binafsi sijakutana na aliyepitia hapo.

Mswahili wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuliona hili kuwa roho mbaya. Sheria yetu ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi ya Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemwekea mgeni ukomo wa upangaji wa miaka 99. Thailand imekaza zaidi: upangaji wa nyumba au ardhi ya makazi mwisho wake ni miaka 30. Ukiandika 50 kwenye mkataba, sheria inaisoma 30. Na mkataba unaozidi miaka 3 usiposajiliwa ofisi ya ardhi, mahakamani unasimama kwa miaka 3 tu, hata kama umelipa yote kwa mkupuo na risiti unayo.

Hapa ndipo vipeperushi vinapoanza kuimba "30 + 30 + 30". Miaka 30 ya kwanza, ikisajiliwa, inaishikilia ardhi yenyewe: mwenye ardhi akiuza, mnunuzi anakukuta na anakuacha. Thelathini mbili zinazofuata ni ahadi ya mtu. Aliyekuahidi akifa au akiuza, mwenye ardhi mpya anaweza kukwambia hakujui. Na wewe mpangaji ukitangulia, upangaji nao kwa kawaida unakufa nawe, isipokuwa mkataba umeandikwa kwa namna ya kuwaruhusu warithi. Mtu aliyelipa bei inayokaribia ya kununua, kisha akafariki mwaka wa sita, hakuwa amenunua nyumba. Alilipa pango la miaka 30 mapema akakaa sita.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mgeni huisikia kabla hajamaliza mwezi: fungua kampuni, weka Wathai wa asilimia 51 ambao hawajaweka hata senti, kampuni inunue ardhi, wewe uwe mkurugenzi. Tuseme wazi kwamba huko ni kuazima jina la mtu, na sheria inakutaja. Sheria ya Biashara za Wageni ya mwaka 1999 inamfunga hadi miaka mitatu Mthai aliyekubali kuwa kivuli pamoja na mgeni aliyemweka, na faini yake inafika baht milioni moja. Ardhi yenyewe inaamriwa iuzwe. Kwa miaka mingi jambo hili lilifumbiwa macho, na ndiyo maana utawakuta watu wazima, wenye akili zao, wakikwambia "mbona fulani anayo tangu 2005". Anayo mpaka siku atakapoulizwa wale wenye hisa walitoa wapi fedha.

Waliooa huko wana habari yao. Tangu mwaka 1999 mwanamke wa Kithai aliyeolewa na mgeni anaruhusiwa kununua ardhi, ila mume na mke wanatia saini tamko mbele ya karani kwamba fedha ni za mke peke yake na mume hana lake pale. Nimewaona wanaume wakitia saini karatasi hiyo huku wanacheka. Ndoa ikivunjika, karatasi ile ile inasomwa tena, na safari hiyo hakuna anayecheka.

Hewa

Ukipanda juu ya udongo mambo yanabadilika. Sheria ya Kondominio ya mwaka 1979, iliyorekebishwa mara kadhaa baadaye, inamruhusu mgeni amiliki fleti moja kwa moja, kwa jina lake, bila ukomo wa miaka. Hati anapewa. Anaweza kuiuza, kuirithisha, kuiweka rehani akipata benki itakayomsikiliza, ingawa kwa kawaida benki za huko hazimkopeshi mgeni asiye na kazi nchini. Kwa hiyo wengi wanaokuja kununua wanakuja na fedha taslimu. Neno kondo Wathai wanalitamka karibu kama sisi, na maana yake kisheria si fleti yoyote. Ni jengo lililosajiliwa hivyo ofisi ya ardhi. Zipo apatimenti zinazofanana nalo kabisa, zenye lifti na bwawa la kuogelea, ambazo ni za mwenye jengo mmoja na haziuzwi chumba kimoja kimoja.

Sharti kubwa ni asilimia 49. Ukijumlisha mita za mraba za fleti zote za jengo, wageni hawaruhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 49 ya eneo hilo. Zingatia kwamba kinachopimwa ni eneo, wala si idadi ya milango. Mgeni mmoja tajiri akichukua ghorofa lote la juu amekula mgawo wa watu kumi. Fleti mbili za ghorofa moja, ukubwa mmoja, dirisha linaloangalia upande mmoja, zinaweza kuwa na bei tofauti kwa sababu moja iko kwenye mgawo wa wageni na nyingine kwenye mgawo wa Wathai. Jengo likijaa, mgeni hasajiliwi hata akilipa mara mbili. Dalali mwenye haraka atakwambia "chukua hii ya mgawo wa Kithai, tutaipangisha kwako miaka 30", na hapo umerudi kule kwenye udongo tulikotoka.

Mgawo huu si msahafu. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 1997 serikali ilihitaji dola, ikalegeza kamba kuanzia 1999 kwa miaka mitano ili baadhi ya majengo yanunuliwe na wageni hata yote. Mwaka 2024 ikaagiza wizara ya mambo ya ndani ichunguze kupandisha mgawo hadi asilimia 75 na upangaji hadi miaka 99. Agizo la kuchunguza lilitoka asubuhi, jioni madalali wakawa wanatangaza kama sheria imekwisha kupita.

Asilimia 49 ina upande mwingine ambao wanunuzi hawauulizi. Kura za mkutano mkuu wa jengo zinakwenda kwa ukubwa wa umiliki, na wageni wote kwa pamoja hawafiki nusu. Ada ya huduma ikipandishwa, bwawa likifungwa, meneja akiachishwa, wenye neno la mwisho ni Wathai. Mkutano wenyewe ni wa Kithai. Unaweza kukaa nyuma na mkalimani wako, ukapiga kura, ukashindwa kistaarabu.

Halafu kuna fedha yenyewe, na hapa ndipo wafanyabiashara wa mawe wanapojikwaa. Ili mgeni wa kawaida asajiliwe kuwa mmiliki, lazima aonyeshe kwamba fedha ya kununulia imetoka nje ya Thailand ikiwa ni fedha ya kigeni, ikabadilishwa kuwa baht na benki ya huko, na benki imeandika cheti chenye jina lake na kusudi la fedha. Chukua mtu wa Arusha ambaye kwa miaka mitatu ameuza mawe Chanthaburi, kodi amelipa, na ana baht milioni nne kwenye akaunti ya Bangkok. Fedha ni yake, tena halali, lakini kwa fleti haifai, kwa sababu haikuingia kwa mlango unaotakiwa. Ndugu yake aliyeko Muscat, ambaye hajawahi kukanyaga Thailand, akituma dola zake leo kwa jina lake zitafaa. Cheti hicho kitunzwe kama pasipoti, maana ndicho pia kinachorahisisha kutoa fedha nje siku ya kuuza. Anayeibadilisha kabisa kuwa baht huko kwao ndipo aitume, akidhani ameokoa faida ya benki, amejifungia mwenyewe.

Siku ya ofisi ya ardhi

Nilimsindikiza jamaa mmoja siku ya kuandikisha. Ofisi za ardhi za Bangkok zinafanana: viti vya plastiki vilivyounganishwa, namba nyekundu zinazopiga kengele, feni inayosaidia kiyoyozi kilichochoka, na nje mama anayeuza kahawa ya barafu kwenye mfuko wa plastiki. Muuzaji amekuja na mkewe. Mnunuzi amekuja na bahasha moja aliyoikumbatia kama mtoto. Ndani kulikuwa na pasipoti, cheti cha benki, barua ya uongozi wa jengo kuthibitisha kwamba mgawo wa wageni haujajaa, na barua nyingine kwamba fleti haidaiwi ada ya huduma. Barua ya deni ikikosekana, hakuna uhamisho. Hundi ya benki ya bei nzima ilikuwa mfukoni mwa shati, na kila baada ya dakika tano aliigusa.

Karani alichukua pasipoti akaanza kuandika jina kwa herufi za Kithai. Jina lenye "Mwi" mwanzoni halina njia rahisi ya kuandikwa kwa Kithai. Alilitamka mara tatu, akamwomba mwenyewe alitamke, akaandika, akafuta, akaandika tena. Tahajia hiyo ndiyo itakayokuwa jina lake kwenye ofisi hiyo maisha yake yote, kwa hiyo omba kopi uitunze. Kisha akakokotoa gharama. Ada ya uhamisho ni asilimia 2 ya thamani iliyokadiriwa na serikali, ambayo mara nyingi iko chini ya bei mliyopatana. Nani anailipa ni mapatano yenu; wengi wanagawana nusu kwa nusu. Muuzaji ana kodi ya zuio. Na kama ameimiliki chini ya miaka mitano, kuna kodi maalumu ya biashara ya asilimia 3.3, ikipita miaka hiyo, inabaki stempu ya asilimia 0.5.

Walipolipa dirishani, hundi ikabadilisha mkono mbele ya karani, naye akageuza hati na kuandika mmiliki mpya mgongoni, chini ya waliotangulia. Mbele kuna nembo ya Garuda, yule ndege wa hadithi. Hati ina nakala mbili, moja inabaki ofisini na nyingine anapewa mmiliki. Kazi yote ilimalizika kabla ya saa nane mchana. Niliwafikiria watu ninaowajua Dar es Salaam waliohangaikia hati za majengo yao mwaka wa tatu sasa, nikanyamaza.

Usalama huo wa kuuza na kulipa papo kwa papo unamhusu anayenunua jengo lililokwisha simama. Anayenunua ramani yuko kwenye biashara nyingine. Analipa nafasi, analipa mkataba, analipa kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu, na muda wote huo hana hati. Jinsi hiyo inavyoweza kuishia inaonekana kwa macho karibu na kituo cha treni cha Saphan Taksin: linasimama hapo ghorofa refu, Sathorn Unique, lilipangwa kuwa fleti za kifahari, ujenzi ukasimama 1997 likiwa limefika juu kabisa, na mpaka leo ni zege, nguzo za mapambo na miti inayoota kwenye baraza. Tarehe 2 Julai mwaka huo baht iliachiwa ielee. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa kama baht 25, mapema 1998 ikavuka 50. Kwa anayehesabu mali yake kwa dola au shilingi, fleti inaweza isiteremke bei hata baht moja na bado nusu ya fedha yake ikapotea.

Hesabu ya pango

Madalali wanapenda neno "asilimia 5". Tufanye hesabu kwa fleti ya mfano. Mita za mraba 35, upande wa On Nut, umbali wa kutembea hadi kituo cha treni, bei baht 3,500,000. Inapangishwa kwa baht 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000, na kweli hiyo ni asilimia 5 na kidogo.

Sasa toa. Ada ya huduma ya jengo, tuseme baht 50 kwa mita kwa mwezi, ni 21,000 kwa mwaka. Mpangaji akihama, fleti ikakaa tupu mwezi mmoja, 15,000. Dalali aliyemleta mpangaji mpya anachukua pango la mwezi, 15,000 nyingine. Kusafisha viyoyozi, pampu ya bafuni, bima, godoro lililochoka, weka 9,000. Imebaki 120,000, ambayo ni asilimia 3.4, na kodi ya mapato bado haijaguswa. Kodi ya ardhi na majengo iliyoanza kutozwa 2020 ni ndogo kwa nyumba za makazi, haiumizi. Kinachouma ni kuuza mapema: ile asilimia 3.3 juu ya 3,500,000 ni baht 115,500. Karibu mapato safi ya mwaka mzima yanaondoka siku moja, dirisha moja.

Ndiyo maana namwogopa mjenzi wa majengo ya kuuza anayeahidi "pango la uhakika asilimia 7 kwa miaka mitatu". Jengo la jirani, jipya kama lake, halipati hiyo asilimia 7. Yeye ataitoa wapi? Mara nyingi imo kwenye bei uliyolipa. Anakurudishia fedha yako kwa awamu, na mwaka wa nne unakutana na soko lenyewe.

Wapo watakaosema, basi nitapangisha kwa siku kwa watalii, kwa simu, faida mara mbili. Sheria ya Hoteli ya mwaka 2004 inataka leseni kwa anayepangisha kwa muda ulio chini ya mwezi, na fleti moja ndani ya kondo haitapewa leseni hiyo. Mwaka 2018 mahakama ya Hua Hin ilikwisha kuwatoza faini wenye fleti waliofanya hivyo. Mabango ya "hakuna kupangisha kwa siku" yamejaa kwenye lifti, kwa Kithai, Kiingereza na Kichina, na anayekushitaki si polisi aliyepita. Ni yule mama wa mlango wa pili aliyechoka kusikia masanduku ya magurudumu usiku wa manane.

Na mahali? Treni ya juu ilifunguliwa Desemba 1999, ya chini ya ardhi 2004, na tangu hapo Bangkok inapimwa kwa hatua kutoka kituoni. "Dakika tano" ya dalali ni dakika tano za pikipiki ya kukodi, wale vijana wa vizibao vya machungwa wanaokaa mdomoni mwa kila soi kama bodaboda wetu. Itembee mwenyewe mwezi wa nne saa nane mchana. Ukiweza, irudie Septemba baada ya mvua kubwa, uone maji yanaishia kwenye kifundo au gotini. Mji umejengwa kwenye tope la mdomo wa mto, kimo chake juu ya bahari ni kidogo mno, na mafuriko ya 2011 yaliwaonyesha watu ni mitaa gani inazama kwanza. Phrom Phong na Thong Lo kumejaa Wajapani na bei zao. Soi 3 ni rahisi kwa anayefuata hospitali na chakula cha halali, ila usingizi utautafuta.

Tarehe 28 Machi 2025 mji ulijifunza jambo lingine. Tetemeko la kipimo cha 7.7 lilipiga Myanmar, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bangkok, na tope lile lile likayatikisa maghorofa mpaka maji ya mabwawa ya juu yakawa yanamwagika mitaani. Jengo jipya la ofisi ya ukaguzi wa serikali, lililokuwa bado linajengwa Chatuchak, liliporomoka na kuua watu wengi. Kondo nyingi zilibaki zimesimama na nyufa kwenye kuta. Wiki zilizofuata watu ndipo walipofungua mikataba ya bima kwa mara ya kwanza: bima ya jengo inashughulikia nguzo, ngazi na lifti, na ufa wa chumbani kwako unategemea kama una bima yako mwenyewe. Wapangaji wa ghorofa ya thelathini walishuka hadi ya sita na hawakutaka kurudi.

Kuishi

Hati ya fleti haikupi hata siku moja ya kukaa Thailand. Hili nimelirudia kwa watu mpaka nimechoka. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaomba viza kabla ya kusafiri, ana fleti au hana, na anaonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano uwanja wa ndege kabla ya foleni ya uhamiaji. Mwenye miaka 50 na zaidi anaweza kuomba viza ya wastaafu, akiwa na baht 800,000 benki au kipato cha 65,000 kwa mwezi. Kuanzia Julai 2024 kuna viza ya miaka mitano kwa wanaofanya kazi zao kwa mtandao: unaonyesha akiba ya baht 500,000, na kila ukiingia unapewa siku 180. Zipo pia viza ambazo uwekezaji kwenye nyumba unahesabika, kama ile ya miaka kumi iliyoanza Septemba 2022, ambayo kwa kundi la matajiri inataka uwekezaji wa dola 500,000. Fleti yetu ya On Nut haifiki robo.

Ukishaingia, kuna kuripoti. Anayempokea mgeni chini ya dari yake anatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya saa 24, kwa fomu wanayoiita TM30. Ukiwa mpangaji, ni kazi ya mwenye nyumba, na wengi wanasahau, wewe ndiye unayekwama siku ya kuongeza viza. Ukiwa mwenye nyumba na mgeni kwa pamoja, unajiripoti mwenyewe kwamba umejipokea. Baada ya hapo kila siku 90 unataja tena anuani yako.

Kodi nayo imeamka. Anayekaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka ni mkazi wa kodi, na tangu Januari 2024 kipato alichochuma nje kuanzia mwaka huo kinatozwa akikiingiza nchini, hata akikiingiza miaka ya baadaye. Zamani ulisubiri mwaka ugeuke ukaleta bila kutozwa. Mtu anayekula pango la nyumba zake za Kariakoo akiwa Bangkok sasa ana la kumuuliza mhasibu.

Kwa anayekuja kwa miezi sita au mwaka, kupanga kunamwepusha na karibu yote haya. Desturi ni amana ya miezi miwili na pango la mwezi mmoja mbele. Kabla hujaweka saini uliza umeme unalipa wapi: ukilipa moja kwa moja kwa mamlaka ya umeme ya mji unalipa bei ya serikali, ukilipa kwa mwenye jengo anaweza kukuongezea kwa kila yuniti, na kwa joto lile kiyoyozi kinafanya kazi kuliko wewe. Piga picha kila mkwaruzo siku ya kuingia. Amana yangu ya kwanza niliiacha kwa sababu ya doa la sofa ambalo nililikuta.

Miaka michache iliyopita bwana mmoja wa Muscat alinipigia simu. Baba yake, aliyekuwa akija Bangkok kila mwaka kwa matibabu, alikuwa amefariki, na kwenye mkoba wake, katikati ya picha za eksirei na risiti za dawa, walikuta karatasi ngumu yenye nembo ya ndege na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Alinitumia picha ya mgongo wake. Jina la mwisho kwenye orodha, ukilitamka polepole kwa Kithai, lilikuwa la mzee. Nikamweleza kwamba mrithi mgeni asiyetimiza masharti yale ya umiliki anapewa mwaka mmoja kuiuza fleti, na kwamba mahakama ya Thailand itataka cheti cha kifo na cha mirathi vilivyotafsiriwa na kuthibitishwa. Akaniuliza mwaka unahesabiwa kuanzia lini. Mzee alikuwa amezikwa miezi saba iliyopita, na uongozi wa jengo ulikuwa unaendelea kuweka bili za ada ya huduma kwenye kisanduku cha barua ambacho ufunguo wake hawakuujua.